Utabiri wa kanda wa wikendi ya sikukuu: nimeufuata wiki nzima, huu hapa mrejesho wangu

Nianze na alama kabisa ili mwenye haraka asihangaike. Ule utabiri wa maandishi wa kanda nzima, ule ambao mtabiri anakaa na kuuandika mwenyewe kwa ajili ya wikendi ya sikukuu ya majira ya joto, naupa nyota 4 kati ya 5. Kile kipicha cha wingu na radi kwenye apu ya simu, kwa wikendi hiyohiyo na kanda hiyohiyo, nakipa nyota 2, na hizo 2 ni kwa sababu ya joto tu maana joto kilipatia. Mwenye muda akae nimweleze nimefikaje hapo, maana tulikuwa watu 9, magari 2, watoto 4, mama mkwe mwenye presha, na siku 3 za mapumziko ambazo kila mtu alikuwa anazihesabu tangu mwanzo wa mwaka, kwa hiyo kukosea hapa kungeumiza kweli.

Jumatatu asubuhi, siku 5 kabla ya safari, shemeji yangu akanitumia picha ya skrini yake. Jumamosi wingu na radi, Jumapili wingu na radi, Jumatatu wingu na radi. Chini ameandika "shemeji hii safari tuifute tu, watoto watashinda kwenye hema wanalia." Nikamjibu, "Shemeji nipe mpaka jioni nisome utabiri wa kanda afu tuongee."

Nikausoma. Ni aya tatu tu, bure, na hutolewa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Ulisema kanda yote itakuwa chini ya hewa ya joto yenye unyevu mwingi kuanzia Ijumaa, asubuhi zitakuwa na jua, mvua za radi za hapa na pale zitaanza mchana hasa milimani na maeneo ya ndani, ukanda wa pwani utakuwa mkavu zaidi, na kuna hewa ya baridi inashuka kutoka kaskazini ambayo huenda ikafika Jumatatu. Afu kuna sentensi ya mwisho ambayo ndo iliyonifanya niupende: uhakika wa joto ni mkubwa, uhakika wa siku ya kufika hewa ya baridi ni wa wastani, uhakika wa saa na mahali pa mvua ni mdogo.

Sasa angalia hapo. Simu na maandishi vilikuwa vinasema habari ileile! Tofauti ni kwamba apu nyingi zinachukua saa 24 zote zinazikamulia kwenye kipicha kimoja, na mara nyingi kipicha kinachochaguliwa ni cha lile tukio baya zaidi la siku hiyo hata kama litachukua nusu saa. Siku yenye saa 7 za jua na dakika 40 za mvua inapewa wingu na radi. Siku ya mvua kutwa nzima nayo inapewa wingu na radi. Ukikiangalia kipicha huwezi kuzitofautisha hizo siku mbili, lakini kwa mtu mwenye hema na watoto hizo ni siku mbili tofauti kabisa.

Halafu kuna zile asilimia, na hapa ndo nataka nikae kidogo maana nyumbani kwetu zilileta ubishi mkubwa. Jumamosi ilikuwa asilimia 40, Jumapili 60, Jumatatu 30. Shemeji alielewa kwamba asilimia 40 maana yake mvua itanyesha kwa asilimia 40 ya siku. Mama mkwe alielewa kama ni mvua ya wastani, si kubwa si ndogo. Mke wangu alisema ni asilimia 40 ya kanda ndo italowa. Kati yao mke wangu ndo alikuwa karibu zaidi, lakini maana yenyewe ni hii: chukua sehemu moja, tuseme pale ulipochomeka hema lako, ukipata siku 10 zenye utabiri kama huo basi siku 4 kati yake hapo patapata mvua inayopimika, na siku 6 hapatapata. Na mvua inayopimika ni kidogo sana, Marekani kwa mfano wanaanza kuhesabu kwenye takriban robo ya milimita, yani hata haijalowesha vizuri kitambaa cha hema. Hiyo asilimia haikwambii mvua itakaa muda gani wala itakuwa kubwa kiasi gani. Ni nafasi ya kuloa, basi.

Nikapiga hesabu mbele ya shemeji. Kama kila siku ingekuwa inajitegemea, nafasi ya kukaa sehemu moja siku zote 3 bila kuona tone ni 0.6 mara 0.4 mara 0.7, inakuja kama asilimia 17. Akasema unaona, nilikwambia tufute. Nikamwambia hapana shemeji, hiyo inatuambia tu kwamba tujiandae kuloa walau mara moja ndani ya siku 3, na kuloa mara moja si wikendi iliyoharibika. Tena siku zenyewe hazijitegemei kihivyo, ni hewa ileile imekaa juu ya kanda, kwa hiyo hata ile 17 ni ya kukadiria. Swali la maana ni saa ngapi mvua inakuja, na hilo maandishi yalishalijibu: mchana kwenda jioni. Maana yake asubuhi zote ni zetu. Tukakubaliana tuende.

Nataka niwatetee watabiri hapa kwa sababu watu wanawatukana bure. Wanauliza inakuwaje mtu aniambie Jumatatu kwamba Jumamosi itakuwa nyuzi 32, afu ashindwe kuniambia kama mvua itapiga ziwani au kijiji cha pili. Joto la kanda nzima linaamuliwa na mifumo mikubwa, mgandamizo mkubwa wa hewa wenye upana wa kilomita elfu na zaidi unaokaa siku kadhaa, huo unaonekana mapema. Lakini wingu moja la radi la kawaida lina upana wa kilomita chache na maisha yake ni kama nusu saa mpaka saa moja, linazaliwa, linamwaga, linakufa. Kile kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, ambacho ni kati ya vinavyoheshimika zaidi duniani, modeli yake, yani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa, inaigawa dunia kwenye vyumba vyenye upana wa kilomita 9 hivi. Wingu zima la radi linaweza kuingia ndani ya chumba kimoja! Modeli inajua tu kwamba hewa ya hapo ina joto na unyevu wa kutosha kuzaa radi, haioni wingu lenyewe. Ziko modeli za kanda zenye vyumba vidogo, Marekani wanayo moja ya kilomita 3 inayohesabiwa upya kila saa, ila hizo zina maana kwa siku moja au mbili mbele, si siku 5.

Na hata vyumba vingekuwa vidogo bado kuna jambo ambalo Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, aliligundua mwaka 1961 akiwa na kompyuta yake pale chuo cha MIT, Marekani. Alikuwa anarudia hesabu ya hali ya hewa, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127, tofauti ambayo mtu yeyote angeona si kitu, na baada ya muda hali ya hewa ya kwenye kompyuta ikawa tofauti kabisa na ile ya mwanzo. Ndo maana siku hizi hawahesabu mara moja. ECMWF wanaendesha hesabu mara 51, kila moja ikianza na tofauti ndogondogo, afu wanaangalia zimekubaliana kiasi gani. Zikikubaliana mtabiri anaandika uhakika mkubwa. Zikitawanyika anaandika uhakika mdogo. Kwa hiyo ile sentensi ya mwisho niliyoisifia si mtabiri anajikinga, ni kipimo kabisa, kimetoka kwenye hesabu, na apu niliyokuwa natumia ilikuwa imekitupa chote. Kwangu mimi hicho ndo kitu cha thamani kuliko vyote kwenye utabiri wa kanda na mtu asiponiambia uhakika wake ni kiasi gani mimi siwezi kupanga.

Alhamisi asubuhi maandishi yakabadilika. Hewa ya baridi iliyokuwa ifike Jumatatu sasa inatarajiwa Jumapili jioni, kati ya saa 1 na saa 4 usiku, ikiwa na mstari wa mvua kubwa za radi na upepo mkali, na Jumatatu itakuwa kavu na baridi kidogo. Walisema wazi kwamba wamebadilisha na kwa nini wamebadilisha. Wengi wakiona utabiri umebadilika wanasema hawa hawajui kitu, mimi naona tofauti, siku 3 kabla wameona zaidi ya walivyoona siku 6 kabla na wameniambia. Kwa makadirio ya Marekani utabiri wa siku 5 unapatia karibu mara 9 kati ya 10, wa siku 7 mara 8, na ukifika siku 10 ni kama nusu kwa nusu. Kwa hiyo wale wanaopanga safari kwa kipicha cha siku ya 14 wasubiri kidogo, huko hata kituo kikubwa hakina cha maana cha kusema kuhusu mvua ya saa 8 mchana.

Hapa nitoe lalamiko langu la kwanza. Toleo lililofuata lenye maelezo kamili ya upepo lilitoka Ijumaa usiku, wakati nusu ya watu wa kanda hii walikuwa tayari barabarani. Wikendi ya sikukuu si wikendi ya kawaida, watu wanaondoka Ijumaa mchana. Kama kuna siku ya kuongeza toleo la adhuhuri ni Ijumaa hiyo. Sisi tulilisoma kwa sababu mke wangu alikuwa hashiki usukani, lakini dereva aliye peke yake angelipataje?

Jumamosi ilikwenda kama ilivyoandikwa. Tulifika ziwani asubuhi jua limetoka, hewa nzito, shati linaganda mgongoni saa 3 tu. Joto lilikuwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 60, na ukiviunganisha hivyo mwili unasikia kama nyuzi 38, na hiyo ni kivulini maana vipimajoto vyote vya utabiri huwekwa kivulini, juani inaweza kuongezeka mpaka nyuzi 8 nyingine. Maandishi yalilieleza hili vizuri na yaliongeza kitu ambacho simu haikuwa nacho kabisa: kwamba usiku joto halitashuka chini ya nyuzi 24. Kwa mtu mzima mwenye presha usiku ndo wa kuogopa zaidi, kwa sababu mwili haupati nafasi ya kupumzika. Kwa ajili ya sentensi hiyo moja tulimtafutia mama mkwe chumba chenye kiyoyozi badala ya hema, na asubuhi alikuwa mzima wa afya, anacheka na wajukuu. Pia waliandika onyo la kutoacha mtoto kwenye gari hata kidogo, maana ndani ya dakika 10 joto la ndani ya gari linaweza kupanda karibu nyuzi 11. Naona hili lirudiwe kila mwaka na kila sikukuu, lisichokwe.

Watoto waliogelea mpaka saa 7. Saa 7 nikawatoa, wakalia, mkubwa akasema "baba mbona jua linawaka?" Kweli lilikuwa linawaka, ila upande wa milima mawingu yalikuwa yameanza kuota juu kama koliflawa, kingo zake kali, na maandishi yalisema kuanzia mchana. Saa 8 na kitu ngurumo ya kwanza. Tukahesabu pamoja kuanzia mwanga mpaka mlio, sekunde 24, gawa kwa 3 maana mlio unachukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita, kilomita 8. Hiyo si mbali. Radi inaweza kupiga hata kilomita 16 kutoka kwenye mvua yenyewe, mahali ambapo juu yako bado anga ni bluu. Tukaingia kwenye magari wote, maana hema halizuii radi na chini ya mti ndo kubaya kabisa, gari lenye paa la chuma madirisha yamefungwa ni salama. Mvua ilipiga dakika 35. Baada ya ngurumo ya mwisho tukasubiri nusu saa nzima kama inavyoelekezwa, afu jioni yote ikawa nzuri. Upande wa pili wa ziwa, kama kilomita 6, hawakupata hata tone, niliongea na jamaa mmoja wa huko jioni, ardhi yao ilikuwa vumbi. Ndo ile asilimia 40.

Dada yangu yeye na familia yake walienda pwani, na kwao utabiri ulipatia zaidi kuliko kwetu. Pakavu siku zote mbili. Sababu yenyewe ni nzuri kuijua: mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko bahari, hewa ya juu ya nchi inapanda, hewa ya baharini iliyo baridi zaidi inaingia kuziba nafasi, na pale inapoingia inatuliza anga, mawingu yanasukumwa yakajengeke ndani zaidi. Ila mstari wa mwisho wa utabiri wa pwani ulisema kuna mawimbi ya mbali yanayotoka kwenye dhoruba iliyo katikati ya bahari, na mikondo inayovuta watu kwenda kilindini. Jua linawaka, maji yanapendeza, bendera nyekundu imesimama. Dada alikuwa ameusoma huo mstari, watoto wakacheza mchangani. Ananiambia aliona waokoaji wakimtoa kijana aliyekuwa anapigana kuogelea moja kwa moja kurudi ufukweni, badala ya kuogelea sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mkondo. Sasa mstari muhimu namna hiyo kwa nini unawekwa mwisho? Hilo ni lalamiko langu la pili, na nalisema kwa uchungu. Hatari inayokuja siku ya jua inatakiwa iandikwe juu kabisa, kwa sababu mtu akiona neno jua anaacha kusoma.

Ukitaka kujua utabiri wa wikendi ya sikukuu una uzito gani soma habari za Marekani, Septemba 2 mwaka 1935. Ilikuwa Jumatatu ya sikukuu yao ya wafanyakazi. Kimbunga cha daraja la 5, lile la juu kabisa, kikapiga visiwa vya Florida Keys, kikaua zaidi ya watu 400, wengi wao wakiwa askari wa zamani waliokuwa kwenye makambi wakijenga barabara. Treni ya kuwaokoa ilitumwa ikachelewa, na maji yakayaangusha mabehewa. Wakati huo hapakuwa na satelaiti, ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa Aprili 1960, na watabiri walikadiria kimbunga kilipo kwa ripoti za meli na vituo vichache. Leo kimbunga kama hicho kinaonekana siku nyingi kabla. Mimi nikifikiria hilo siwezi kuwadharau watu hawa hata wakinikosea saa mbili.

Na walinikosea saa mbili na nusu. Jumapili. Walisema mstari wa mvua utafika kati ya saa 1 na saa 4 usiku, ulifika saa 10 na nusu jioni. Hilo ndo kosa kubwa la utabiri mzima na ndo lililokula ile nyota ya tano. Kama tungeutegemea peke yake tungekutwa majini. Kilichotuokoa ni kwamba maandishi yenyewe ya asubuhi ile yalikuwa na sentensi inayosema anayekaa nje afuatilie rada kuanzia adhuhuri kwa sababu mfumo unaweza kuwahi. Nikafungua rada saa 9, nikaona mstari mwekundu mrefu umelala kutoka upande mmoja wa kanda hadi mwingine na unasogea. Rada haitabiri, inaonesha mvua iliyopo sasa hivi, picha mpya kila dakika chache, na ukiangalia picha za nusu saa iliyopita unajua inakuja upande gani na kwa kasi gani. Nikamwambia shemeji "huu haungoji saa 1." Hakubisha hata kidogo, tukaanza kushusha mahema. Saa 9 na dakika 40 simu zote zikalia tahadhari rasmi ya upepo mkali. Saa 10 tumeshafunga kila kitu tuko kwenye jengo la mapokezi. Upepo ulipokuja ulikuja ghafla, ubaridi kwanza, kama mtu amefungua mlango wa friji kubwa, afu vumbi, afu mvua ya kulala. Majirani zetu wa kambi walikuwa na turubai kubwa lililosimama kwenye nguzo za chuma, liliruka mpaka juu ya miti. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu.

Kwa hiyo mnielewe ninavyougawa huu utabiri. Wa siku 5 ulinisaidia kuamua niende au nisiende. Wa siku 2 ulinisaidia kupanga shughuli zipi ziwe asubuhi. Rada na tahadhari za saa ileile ndo zilizonitoa hatarini. Ni huduma tatu tofauti na kila moja ina kazi yake. Mtu anayelaumu utabiri wa Jumatatu kwa mvua ya Jumapili saa 10 na nusu anaulaumu kwa kazi ambayo si yake, ingawa wa Jumapili asubuhi nao ningependa ungekuwa umepatia.

Jumatatu ilikuwa kama walivyoandika, nyuzi 23, anga safi mpaka unaona milima ya mbali, upepo unavuma. Na hapa nina lalamiko la tatu ambalo nimelibeba moyoni kwa sababu lilimpata mwanangu mdogo. Kwa kuwa kulikuwa na ubaridi hatukuwavalisha kofia wala kuwapaka mafuta ya jua. Kipimo cha mionzi ya jua siku hiyo kilikuwa 8, na kuanzia 3 tu inashauriwa mtu ajikinge, 8 ni kali sana. Mionzi hiyo haisikiki kama joto, ngozi inaungua huku unatetemeka na upepo, na hata wingu jepesi linapitisha mpaka asilimia 80 yake. Namba hiyo ilikuwepo kwenye utabiri, lakini kwenye jedwali la chini kabisa, haikutajwa popote kwenye zile aya tatu. Mabega ya mtoto yalikuwa mekundu jioni, hakulala vizuri. Nawaomba sana wanaoandika huu utabiri, siku ya kwanza baada ya mvua kubwa ndo siku watu wanajisahau, itajeni hiyo namba kwenye aya ya kwanza.

Upepo wa ziwani nao hawakuutendea haki. Waliandika "upepo wa wastani" kwa kanda yote, wakati kwenye maji yaliyo wazi ule wastani uliinua mawimbi ambayo mtumbwi mdogo haukuyaweza, tukaacha. Kanda ni kubwa mno kwa neno moja la upepo. Ina pwani, ina ziwa, ina milima, kila kimoja kinastahili mstari wake. Na hili si jambo jipya la kuwaomba. Utabiri wa kwanza kabisa kuchapishwa gazetini kwa umma, ule wa Robert FitzRoy, mkuu wa idara ya hali ya hewa kule Uingereza, Agosti 1 mwaka 1861, uliigawa nchi sehemu tatu, kaskazini, magharibi na kusini, na kila sehemu ikapewa upepo wake na hali yake ya anga. Mistari mitatu mifupi tu. Kama iliwezekana wakati taarifa zinasafiri kwa telegrafu basi leo inawezekana.

Jambo la mwisho ni lugha yao, nalo nalisifia. Neno "hapa na pale" wanalitumia kwa maana yake, na neno "maeneo mengi" wanalitumia kwa maana yake, hawachanganyi. Jumamosi ilikuwa hapa na pale na kweli ilikuwa hapa na pale. Jumapili waliandika maeneo mengi na kweli kila niliyempigia simu alikuwa ameloa. Ukishazoea maneno yao matatu manne unasoma aya nzima kwa dakika moja.

Jumatatu jioni tukiwa njiani kurudi, mke wangu akafungua toleo jipya akanisomea kwa sauti. Mstari wa kwanza kabisa ulisema mfumo wa Jumapili uliwahi kuliko ulivyotarajiwa kwa zaidi ya saa mbili kwa sababu mvua za mchana upande wa kaskazini zilipoza hewa na kuusukuma mbele. Wameliandika wenyewe, juu kabisa, kabla hawajasema lolote kuhusu wiki inayofuata. Shemeji alikuwa kwenye gari la nyuma, tulipofika kituo cha kupumzikia akaja dirishani akauliza ule utabiri unapatikana wapi, nikamwekea kwenye simu yake.